Ladha za Wasomaji na Dhana ya Ukumbusho: Katuni za Watoto kati ya Brussels na Kolwezi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kumtaja msomaji kana kwamba ni mtu mmoja. Husemwa kwamba msomaji huvutiwa na fani fulani, au kwamba msomaji hukerwa na maudhui fulani. Lakini mtu anayefungua ukurasa wa barua katika jarida lolote atakuta wasomaji wengi wasiokubaliana. Anachokisifu mmoja ndicho anachokilalamikia mwenzake. Tofauti hizo hujitokeza waziwazi zaidi katika majarida ya vyama vya wapenzi wa waandishi wa watoto. Wanachama wa vyama hivyo ni watu wazima, ilhali kitabu kinachowaunganisha kiliandikwa kwa ajili ya watoto. Kila mmoja wao ana umri wa aina mbili: umri alioukisoma kitabu kwa mara ya kwanza, na umri anaousoma jarida leo.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hizo za ladha kwa kutumia mfano wa mchoraji wa Kibelgiji Hergé, ambaye kitabu chake cha pili kinahusu Kongo, na kuzipima katika mazingira ya ukanda wa shaba wa Lualaba, hususan mji wa Kolwezi. Hoja inayotetewa ni kwamba wasomaji hawatofautiani kwa sababu wengine wana ladha nzuri na wengine wana ladha mbovu. Wanatofautiana kwa sababu kila kundi linautaka ukurasa ufanye kazi yake maalumu. Aidha, itaonyeshwa kwamba Kiswahili cha Katanga kinalo neno linalolieleza jambo hili kwa ukamilifu, nalo ni neno ukumbusho.

Chama cha wapenzi na jarida lake

Hergé, ambaye jina lake halisi lilikuwa Georges Remi, alifariki tarehe 3 Machi 1983. Mwaka 1985 wapenzi wa kazi zake walianzisha nchini Ubelgiji chama kiitwacho Les Amis de Hergé, yaani Marafiki wa Hergé, ambacho hutoa jarida lenye jina hilohilo. Vyama vya namna hii vipo pia kwa waandishi wengine wa watoto barani Ulaya. Majarida yao hufanana kwa muundo: makala za utafiti, picha za zamani, habari za matoleo, na barua za wanachama.

Anayeyasoma majarida hayo kwa makini anaweza kutofautisha wasomaji wa aina nne. Wa kwanza ni yule anayerudi utotoni. Yeye hataki kuambiwa jambo jipya. Anataka kuonyeshwa tena jalada lilelile alilolishika akiwa na miaka minane, na makala ndefu yenye tarehe nyingi humchosha. Wa pili ni mkusanyaji na mchunguzi. Huyu hulinganisha toleo na toleo, hutafuta mwaka ambao mstari mmoja wa picha ulibadilishwa, na hufurahia tarehe zilezile zinazomchosha mwenzake. Wa tatu ni mhakiki, ambaye huuliza kitabu kilisema nini juu ya watu wengine, kilimtumikia nani, na kwa nini. Wa nne ni mtoto. Yeye ndiye aliyeandikiwa kitabu, lakini katika jarida la wapenzi sauti yake husikika kwa nadra kuliko zote.

Mhariri wa jarida kama hilo hukabiliwa na tatizo lisilokwisha. Akiongeza kurasa za kumbukumbu, mchunguzi humwona kuwa mwepesi. Akiongeza uchunguzi, mpenzi wa utotoni hulalamika kwamba furaha imegeuzwa kuwa mtihani. Akimpa nafasi mhakiki, baadhi ya wanachama hujihisi kushtakiwa wao wenyewe, kwa kuwa kitabu kinachohukumiwa ni sehemu ya maisha yao. Jarida la kila wiki la Tintin, lililoanza kutolewa Septemba 1946, lilijitangaza kuwa ni la vijana wa miaka 7 hadi 77. Tangazo hilo lilikuwa la kibiashara, ila lilikiri ukweli mmoja: watu wa umri tofauti wanaweza kuuangalia ukurasa mmoja na kila mmoja akaona jambo lake.

Kitabu kimoja, wasomaji wengi

Hakuna kazi ya Hergé inayozidhihirisha tofauti hizi kama Tintin au Congo. Hadithi hiyo ilianza kuchapishwa tarehe 5 Juni 1930 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, na kumalizika Juni 1931. Msukumo ulitoka kwa mkurugenzi wa gazeti, Padri Norbert Wallez, aliyetaka watoto wa Ubelgiji wavutiwe na koloni lao. Hergé hakuwa amefika Kongo. Alitegemea magazeti, masimulizi ya wamisionari na vitu vilivyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi na kupunguzwa hadi kurasa 62. Katika toleo la awali, Tintin anasimama mbele ya wanafunzi Waafrika na kuwafundisha kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo limeondolewa na mahali pake pamewekwa somo la hesabu. Badiliko hili ni mfano mwafaka wa tofauti za ladha. Kwa anayerudi utotoni, ukurasa halisi ni ule alioujua yeye, na mwingine wowote ni mgeni kwake. Kwa mchunguzi, jambo la kupendeza ni lile pengo lililopo kati ya matoleo mawili. Kwa mhakiki, kuondolewa kwa somo hakukuondoa msimamo wa kitabu: Waafrika wameendelea kuchorwa kama watoto wakubwa, wenye midomo iliyotiwa chumvi na lugha iliyovunjikavunjika. Hergé mwenyewe, katika mazungumzo na Numa Sadoul yaliyotolewa kitabuni mwaka 1975, alikubali kwamba alikichora kitabu hicho kwa kufuata dhana potofu za tabaka alimokulia.

Mzozo huo ulifika hadi mahakamani. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, aliwasilisha malalamiko akitaka kitabu kisiendelee kuuzwa kama kilivyo. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi hilo, na mahakama ya rufani ikaafikiana nayo mwaka huohuo. Mwaka 2023 shirika la uchapishaji la Casterman lilikitoa tena kitabu kikiwa na dibaji ya mtafiti Philippe Goddin inayoeleza mazingira kilimotungwa. Dibaji hiyo nayo ilizua maoni tofauti. Wapo walioiona kuwa hatua ya lazima, na wapo walioona kwamba inamtetea mchoraji kuliko inavyomfafanua.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Wazungu ndio waliokuwa na ladha tofauti na kwamba Wakongo walikuwa na ladha moja tu, yaani ya kukasirika. Karibu na mwaka 1970 kitabu hicho kilichapishwa tena mjini Kinshasa na gazeti la Zaïre. Maelezo ya gazeti hilo yalidokeza kwamba Wakongo nao walikuwa na sababu yao ya kucheka, nayo ni kuona jinsi Wazungu walivyowadhania. Hapo mwelekeo wa kicheko umegeuka. Mtoto wa Brussels wa mwaka 1930 alimcheka Mwafrika aliyechorwa. Msomaji wa Kinshasa alimcheka mchoraji. Michoro ni ileile, ila kazi wanayopewa na wasomaji hawa wawili haifanani hata kidogo. Mbutu Mondondo naye alikuwa na haki ya kutocheka, kwa maana aliwafikiria watoto watakaoletewa kitabu hicho leo bila mtu wa kuwaeleza.

Kolwezi na malezi ya msomaji wa kambini

Brussels, mji alimochorea Hergé, ndio uliokuwa pia na makao makuu ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, miaka sita tu baada ya hadithi ya Tintin kumalizika gazetini. Hivyo mtoto wa Kibelgiji aliyesoma habari za Kongo ya kubuni na mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Musonoi au Ruwe walikuwa watu wa kizazi kimoja na wa mfumo mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja aliandikiwa hadithi na mwingine alichorwa ndani yake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja. Badala ya kuwachukua wanaume kwa mkataba mfupi na kuwarudisha makwao, iliwahimiza kuja na wake zao, ikawapa nyumba, posho, hospitali, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Kampuni ikawa kama mzazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anawaita wafanyakazi hao Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo lenyewe linaonyesha jinsi uhusiano wa ajira ulivyokuwa umevaa vazi la ujamaa wa nyumbani.

Mzazi wa namna hii hutaka pia kuchagua kile watoto wanachosoma. Mwaka 1957 kampuni ilianza kutoa gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, na baadaye likapatikana Mwana Shaba Junior kwa ajili ya vijana. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1948, idara ya habari ya serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutoa jarida la picha lililoitwa Nos Images, lililokuwa na katuni za familia ya Mbumbulu. Katuni hizo zilikusanywa kitabuni mwaka 1956. Mbumbulu ni baba wa mfano: ana adabu, anaweka akiba, na nyumba yake ni safi. Kila kisa kina funzo lake, na funzo halifichwi.

Kutokana na hayo, malezi ya msomaji wa kambini yalikuwa na sura yake. Katika Brussels mtoto alipewa katuni ili afurahi, na itikadi ikapitishwa chini kwa chini. Kambini mtu alipewa katuni ili afundishwe, na furaha ikawa ndiyo inayopitishwa chini kwa chini. Msomaji aliyependa picha bila kujali funzo, na msomaji aliyesaka maarifa ya kumpandisha cheo, wote walishika gazeti moja. Wa kwanza angeweza kumwona Mbumbulu kuwa kichekesho, na wa pili angeweza kumwona kuwa kielelezo. Wala haikuwa lazima wawe watu wawili. Mtu mmoja aliweza kuwa wa pili akiwa kazini na wa kwanza akiwa barazani.

Baada ya uhuru vijana wa mijini walionyesha wazi kuwa walitaka kitu kingine. Mwaka 1968 lilianzishwa Kinshasa jarida la Jeunes pour Jeunes, lililochorwa na Wakongo kwa ajili ya Wakongo, likatumia mandhari ya mitaani na lugha ya vijana. Mashujaa wake hawakuwa baba wa mfano. Walikuwa wajanja wa mjini, na makosa yao ndiyo yaliyopendeza. Mchoraji Mongo Sisé aliwaendeleza Mata Mata na Pili Pili, wachekeshaji wawili waliokuwa wamejulikana kwanza katika filamu za kimisionari za miaka ya 1950. Yeye alipata mafunzo katika studio ya Hergé, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akamtoa shujaa wake Bingo hadi Ubelgiji. Kwa hiyo safari ya Tintin iligeuzwa: sasa Mkongo ndiye aliyeitazama nchi ya Wabelgiji kwa macho ya mgeni. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alifuata njia hiyohiyo ya kujifunza ufundi wa wenzake ili asimulie mambo ya kwao.

Lugha kama kipimo cha ladha

Suala la ladha haliwezi kutenganishwa na suala la lugha. Katika Tintin au Congo, Hergé aliyabuni majina ya makabila yake kwa kuchezea Kifaransa. Wababaoro'm wametokana na baba au rhum, keki inayolowekwa katika pombe. M'Hatuvu ni maneno ya Kifaransa anayoitwa mtu mwenye kupenda kujionyesha. Mzaha huo hufahamika kwa masikio ya Kifaransa tu. Msomaji wa Kiswahili akikutana na Babaoro'm, silabi za mwanzo zitamwonyesha baba, wala si keki. Mwenye jina la Kiafrika amefungiwa nje ya kichekesho kilichojengwa juu ya jina lake. Kinyume chake, jina la Pili Pili halihitaji mfasiri Kolwezi, Kisangani wala Mombasa.

Kiswahili kilichosemwa kambini kilikuwa na historia yake. Johannes Fabian, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1986, alieleza jinsi lugha hiyo ilivyochukuliwa na wakoloni na makampuni kuwa chombo cha kazi, na jinsi wasemaji wake walivyoifanya kuwa mali yao. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na sehemu nyingi za Katanga. Watoto wao waliozaliwa kambini walikipata Kiswahili kuwa lugha ya kucheza na kugombana. Ndicho Kiswahili chenye bana na batu mahali pa wana na watu, na chenye ka- ya udogo katika maneno kama katoto. Wapo walimu na wamisionari waliokiona kuwa kibovu, wakataka kukisahihisha kwa kufuata kile walichokiita Kiswahili bora.

Kutokana na hali hiyo, msomaji wa Katanga aliweza kukabiliwa na lugha tatu na kila moja ikawa na ladha yake. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na cheo, na anayekisoma alijionyesha kuwa ameendelea. Kiswahili bora kilikuwa lugha ya ibada na mafundisho. Kiswahili cha kambini kilikuwa lugha ya kicheko na siri za nyumbani. Kisa kilekile kikitolewa kwa lugha hizi tatu hakiwi kisa kimoja, kwa kuwa kinawakuta wasomaji katika hali tatu tofauti.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili cha kambini hakikuishia kwenye mzaha. Vuguvugu la Jamaa, lililoanzishwa na Padri Placide Tempels huko Ruwe karibu na Kolwezi mwaka 1953, lilikitumia kujadili maana ya utu, uzazi na mapendo. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo mjini Lubumbashi kilikifanya kuwa lugha ya jukwaa, ya redio na ya televisheni. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa lugha hiyo historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, na kitabu chake kidogo kikaja kuchapishwa pamoja na maelezo ya kitaalamu mwaka 1990. Mfano huu ni muhimu kwa mada ya makala haya. Hapa pia kilikuwepo chama kilichotoa maandishi kwa ajili ya kumbukumbu za wanachama wake. Tofauti yake na chama cha Brussels ni kwamba wanachama wa Elisabethville hawakukusanyika kumkumbuka mwandishi waliyempenda. Walikusanyika kuyakumbuka maisha yao wenyewe, mema na machungu, kabla hayajasahauliwa.

Dhana ya ukumbusho

Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa mkoa ulioitwa wakati huo Shaba zilikuwa na picha za rangi sebuleni, zilizochorwa na wasanii wa mitaani na kuuzwa kwa bei nafuu. Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipowauliza wenye picha hizo kwa nini walizinunua, neno lililotokea mara kwa mara lilikuwa ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokumbusha. Aina mojawapo iliyopendwa iliitwa Colonie belge, nayo ilionyesha mfungwa akichapwa viboko katika ua wa gereza chini ya macho ya Mzungu. Mgeni angejiuliza ni vipi familia inaweza kula chakula chake cha jioni chini ya picha ya mateso. Jibu ni kwamba picha haikutundikwa ili ipendeze kwa maana ya kawaida. Ilitundikwa ili mzazi apate pa kuanzia masimulizi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mashuhuri kuliko wenzake, aliieleza historia ya nchi nzima kwa picha 101 katika miaka ya 1973 na 1974.

Dhana hii inaweza kutatua ule ugomvi wa ladha uliotajwa mwanzoni. Anayerudi utotoni, mchunguzi na mhakiki, kila mmoja anatafuta ukumbusho kwa njia yake. Wa kwanza anataka kukumbuka jinsi alivyojihisi. Wa pili anataka kukumbuka mambo yalivyokuwa hasa. Wa tatu anataka isisahauliwe ni nani aliyelipia furaha hiyo. Wakiuona ugomvi wao kwa jicho hili, hawana sababu ya kutoana katika jarida moja. Kurasa za utotoni zisipokuwa na mhakiki hugeuka kuwa sifa tupu. Uhakiki nao ukikosa kumbukumbu za utotoni hushindwa kueleza kwa nini kitabu chenye kasoro kubwa kiliweza kupendwa na watu wasio na nia mbaya.

Aidha, dhana ya ukumbusho inabadilisha swali la mtoto. Picha ya Colonie belge haikuachwa ijieleze. Mtu mzima aliketi chini yake akasimulia. Dibaji iliyowekwa mbele ya Tintin mwaka 2023 inajaribu kufanya kazi hiyo kwa maandishi, lakini mtoto hasomi dibaji. Kitu kinachomkinga mtoto ni sauti ya mtu aliye karibu naye, anayeweza kumwambia kwamba watu waliochorwa hivi walikuwa na majina ya kweli, na kwamba lugha yao ilikuwa na maana.

Hitimisho

Limebaki jambo moja lisiloweza kungoja. Ubelgiji inacho chama kinachohifadhi kila toleo la kila ukurasa wa Hergé. Kurasa za Mwana Shaba Junior, na kumbukumbu za waliozisoma, hazijapata mlinzi wa kiwango hicho. Wasomaji wake walitawanyika. Kampuni iliyokuwa Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1978 Kolwezi ilikumbwa na vita. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, zikaondoka na walichoweza kubeba. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu anayehama kwa hali kama hizo huchukua sufuria na godoro, na magazeti ya watoto huachwa.

Kolwezi imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, na kobalti imeifanya ijulikane duniani kote. Waandishi wa nje wanaiandika kila siku, na picha za watoto wake zimo tena katika magazeti ya Ulaya, safari hii kama picha za huruma. Kwa mara nyingine mtoto wa Kolwezi anaonyeshwa kwa wasomaji asiowajua. Ndiyo maana ni muhimu kujua yeye na wazazi wake walisoma nini, na walikipendea nini.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, umekwisha kuonyesha kwamba kumbukumbu za wakazi wa kawaida zinaweza kukusanywa kwa utaratibu wa kitaaluma. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi, kwa ushirikiano na wenzao wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, wanaweza kuanza na maswali mepesi kwa wazee waliokulia kambini. Ni ukurasa upi uliofunguliwa kwanza gazeti lilipofika nyumbani? Nani alisoma kwa sauti, na kwa lugha ipi? Ni kichekesho kipi kilichowachekesha watoto na kuwaudhi wazazi? Ni funzo lipi lililorukwa? Majibu hayatafanana, wala mtafiti asijaribu kuyalinganisha kwa nguvu. Yaandikwe yote, kwa Kiswahili kilekile yatakachotolewa, chenye bana zake na batu zake, na kila jibu libaki na umri wa aliyelitoa na jina la kambi alimokulia.